Dirisha Moja, Lugha Tatu: Vichupo vya Kompyuta na Utunzaji wa Msamiati wa Kigweno

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mtafiti wa lugha za Upare hulazimika kushika tatu. Ugweno, katika milima ya Upare Kaskazini wilayani Mwanga, ni mahali zinapokutana Kigweno, Chasu na Kiswahili. Anayekusanya msamiati wa Kigweno hawezi kuziweka kando lugha hizo nyingine, kwani kila neno hupimwa kwa kulinganishwa na jirani zake. Swali la mhadhara huu ni namna ya kuzitunza kazi hizo tatu katika dirisha moja la kompyuta pasipo kuzichanganya.

Kihariri cha msimbo ni programu ya kuandikia matini tupu, yaani maandishi yasiyo na mapambo. Ingawa kilibuniwa kwa ajili ya waandishi wa programu, kinawafaa pia watunga kamusi, kwa kuwa orodha ya maneno iliyohifadhiwa kwa namna hiyo husomeka katika kompyuta yoyote na hupekuliwa upesi. Kila faili inayofunguliwa hupata kichupo chake juu ya dirisha. Kichupo kisidhaniwe kuwa chupa ndogo, ambayo ni kichupa. Ni kile kipande kinachobeba jina la faili, mfano wa masikio ya majalada katika kabati la masjala.

Programu ya Visual Studio Code, iliyotangazwa na kampuni ya Microsoft mwaka 2015, mwanzoni iliruhusu folda moja tu kwa kila dirisha. Mwenye lugha tatu alihitaji madirisha matatu. Tangu mwaka 2017 folda kadhaa huweza kuwekwa pamoja katika dirisha moja. Folda hizo zafaa kupewa misimbo ya kimataifa ya ISO 639-3: gwe kwa Kigweno, asa kwa Chasu na swh kwa Kiswahili. Zikifunguliwa faili mbili zenye jina moja, tuseme nomino.txt, kila kichupo huongezewa jina la folda yake, na mtafiti hutambua yumo katika lugha ipi.

Hata hivyo, urahisi huo una hatari yake. Katika dirisha la pamoja, amri ya kutafuta na kubadilisha hupita katika folda zote, isipokuwa imewekewa mpaka. Wasemaji wa Chasu hujiita Vaasu. Kiswahili husema Waasu. Mtafiti akiamuru «va» igeuzwe «wa» ili kuandaa safu ya Kiswahili, neno vazi katika faili nyingine litageuka wazi. Kwa kuwa wazi ni neno halali, hata kikagua tahajia hakitalalamika.

Kinga zipo mbili. Kwanza, kabla ya kubadilisha chochote, sehemu ya kutafutia iandikiwe folda moja inayohusika, kwa mfano ./asa. Pili, kila folda iwe na historia yake katika Git, mfumo wa kutunza matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Folda ya swh ikionyesha mabadiliko siku ambayo kazi ilifanyika katika asa pekee, kosa hugunduliwa na kurejeshwa kabla halijazoeleka.

Kwa lugha kubwa kosa kama hilo ni usumbufu tu, maana vitabu na wasemaji wengi watalisahihisha. Kigweno hakina akiba hiyo. Kwa mujibu wa uchunguzi wa Philippson na Nurse uliochapishwa mwaka 2000, lugha hii ina undugu wa karibu na Kichaga, ilhali msamiati wake umepokea mengi kutoka Chasu. Kwa hiyo neno la Chasu likionekana katika orodha ya Kigweno, msomaji wa kesho atajiuliza: je, ni mkopo halisi uliotamkwa na mzee wa Ugweno, au ni mkono wa mtafiti uliokosea kichupo? Ikiwa folda hazikutenganishwa wala historia haikutunzwa, na mzee mwenyewe hayupo tena, swali hilo halitajibika.

Dirisha liwe moja, basi, ili lugha zilinganishwe. Lakini kila lugha ibaki na folda yake, jina lake na historia yake.