Namna ya Kuupima Muziki wa Kufokafoka

Katika mitaa ya Divisheni ya Viwanda mjini Mbale, ni nadra kupita mbele ya kinyozi bila kusikia muziki wa kufokafoka, ambao vijana huuita rapu au hip hop. Wazazi wengi huuona kuwa makelele matupu na huizima redio. Wengine, wakiombwa fedha za studio na mtoto wao, huuza mbuzi bila kujua kama kijana ana kipaji au ana tamaa tu. Makundi yote mawili huamua kabla ya kusikiliza, na hasara huiangukia nyumba.

Muziki huu ulianzia Bronx, New York, ambako DJ Kool Herc alipiga sahani katika sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973. Nchini Uganda, katika miaka ya 1990, kundi la Bataka Squad lilidhihirisha kwamba Kiluganda nacho chaweza kuubeba mdundo huo, na mtindo wao ukaitwa Lugaflow. Upande wa Tanzania, albamu ya Profesa Jay ya mwaka 2001, Machozi, Jasho na Damu, iliwavuta hata watu wazima. Tena si kazi ya wanaume peke yao, maana Keko, mmoja wa waghani wa kike waliovuma Uganda, ni mzaliwa wa mji jirani wa Tororo.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Kijana na aombwe kuyasema maneno yake bila ala yoyote. Ala nzuri huficha mengi, kama viungo vinavyoficha nyama iliyolala.

Kisha visikilizwe vina, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Katika Kiingereza maneno huishia kwa sauti za kila namna, hivyo kupata kina ni kazi. Katika Kiswahili, Kiluganda na Kigisu karibu kila neno huishia kwa irabu, na katika Kiswahili vitenzi vingi huishia kwa a. Anayefuatanisha "kupika", "kusema" na "kucheza" hajatunga kina chochote. Sarufi ndiyo iliyomtungia. Washairi wa pwani hawakuridhika na irabu peke yake, bali walidai silabi nzima, tena mwishoni na katikati ya mstari. Mghani anayefuatanisha "Namatala", "hatukulala" na "mahala" amelinganisha silabi ya mwisho pamoja na irabu iliyoitangulia, na sikio la msikilizaji hutambua mara moja kwamba pamefanyika kazi. Akiweza kukipenyeza kina kingine katikati ya mstari bila kuipotosha maana, huyo ni fundi.

Kasi si ubora. Mdundo una mapigo manne, na ngoma kali hujibu kwenye la pili na la nne. Mama aweza kuyahesabu kwa kijiko juu ya meza. Mghani mzuri hulijua pigo hata anapolichelewa kwa makusudi, na huvuta pumzi mahali ambapo sentensi yenyewe hupumzika. Asiyejua hukatika katikati ya neno.

Lakini jambo zito kuliko yote ni ukweli. Yuko kijana wa Namatala anayeghani juu ya bastola na mikufu ya dhahabu ya Marekani, vitu ambavyo hajapata kuvishika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha katika eneo la Mbale. Anayeweza kuyaeleza maji yale kwa mistari minane, hata aliyekuwa mbali akauona mlango ukisukumwa na matope, ana jambo la kusema. Anayesema "tulilia sana" bado hajaanza.

Kuhusu matusi, wazazi wana haki ya kulalamika, ila wapime kwa haki. Nyimbo za imbalu, tohara ya Wagisu inayofanyika kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, zina maneno ambayo mezani hayatamkiki, na wazee huzifuata ngoma za kadodi barabarani huku wakicheka. Kinachofaa kuulizwa ni hiki: je, neno lile chafu linafanya kazi gani pale? Likiondolewa na mstari ukabaki vilevile, lilikuwa takataka.

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya studio, mzazi aombe kuliona daftari. Mtunzi wa kweli hufuta, hukata, huandika upya pembeni, na ubeti mmoja wake huweza kujaza kurasa tatu. Baada ya wiki mbili aombwe kuughani ubeti uleule tena, mbele ya bibi yake ikiwezekana, na aulizwe ni mstari gani ameubadilisha na kwa sababu gani.