Je, Wajua? Besi Ile Aliipiga Nani?

Je, wajua kwamba Bill Wyman, mpiga besi wa The Rolling Stones kwa miaka 30, hakupiga besi katika "Sympathy for the Devil"? Wimbo ulipoiva mwaka 1968, besi ilikuwa mikononi mwa Keith Richards, mtu wa gitaa, na Wyman alikuwa pembeni akitikisa manyanga. Hapa wabishi hawana pa kushika, maana mwongozaji filamu wa Ufaransa, Jean-Luc Godard, alikuwa ndani ya studio ya Olympic, London, Juni ile, kamera zake zikizunguka. Nyimbo nyingi za enzi hizo hazikupata shahidi kama huyo, ndiyo sababu wapenzi wa roki ya zamani hukesha wakigombania nyuzi nne.

Chanzo cha ugomvi ni chepesi. Jalada la santuri hutaja wanabendi na vyombo vyao rasmi: huyu solo, huyu besi, huyu dramu. Studioni mambo huenda vingine. Mpiga besi akikaa kwenye piano, besi itashikwa na mwenzake; akichelewa, akisusa au akitoka kwenda kunywa, kazi inaendelea bila yeye. Tena anayejua gitaa vizuri hashindwi kuibabaisha besi wimbo mmoja ukapita. Wapiga besi hawapendi kulisikia hilo, lakini rekodi zenyewe zinawasuta.

Je, wajua kwamba katika "Street Fighting Man" ya Stones, pia ya 1968, magitaa yale yanayounguruma si ya umeme? Richards aliyarekodi kwa kinasa sauti kidogo cha kaseti, akakizidishia sauti mpaka ikapasuka. Chombo cha umeme ni besi peke yake. Nayo pia aliipiga Richards.

Na "Jumpin' Jack Flash"? Besi ni ya Richards, Wyman yuko kwenye ogani. Ila hapa kuna lingine. Katika kitabu chake Stone Alone cha mwaka 1990, Wyman anadai kwamba ile sauti inayoubeba wimbo mzima aliigundua yeye, akichezea kinanda kabla wenzake wote hawajafika. Watunzi walioandikishwa ni mwimbaji wao, Jagger, na Richards. Mimi namwamini Wyman, lakini imani yangu haiwezi kumpatia mrabaha.

Je, wajua kwamba "Happy" ilirekodiwa na watu watatu kwa sababu tu wengine walikuwa hawajafika? Ilikuwa 1971, kwenye jumba la kupanga la Richards kusini mwa Ufaransa. Richards aliimba, akapiga gitaa na besi. Prodyuza Jimmy Miller akakaa kwenye dramu. Bobby Keys akapuliza saksafoni. Wimbo uliingia katika Exile on Main St., santuri ya nyimbo 18 ambayo jalada lake linampa Wyman besi katika nyimbo 8 tu. Wyman alilalamika baadaye kwamba hesabu hiyo imempunja, kwamba nyingine ni zake na zimeandikiwa wengine. Jalada kumdhulumu mpiga besi, naye kudai haki yake kwa miongo, hilo ndilo hasa huwafurahisha wabishi.

Kwa haraka: besi ya "It's Only Rock 'n Roll" ni ya Willie Weeks, Mmarekani ambaye hakuwahi kuwa Stone, na dramu ni za Kenney Jones. Ilianzia nyumbani kwa Ronnie Wood, ambaye naye hakuwa Stone bado. Alipojiunga, Wood akaja kupiga besi ya "Emotional Rescue" mwaka 1980. Na mwaka 2023, kwenye santuri ya Hackney Diamonds, Wyman alirudi kwa wimbo mmoja, "Live by the Sword", huku besi ya wimbo mwingine akipewa Paul McCartney wa The Beatles. Miaka ya sitini mashabiki wa pande hizo mbili wangepigana ngumi kwa habari hiyo.

Je, wajua kwamba McCartney mwenyewe hakuanza na besi? Mpiga besi wa Beatles alikuwa Stuart Sutcliffe, mchoraji, aliyeamua mwaka 1961 kubaki Hamburg na mchumba wake na sanaa yake. Besi ikakosa mwenyewe, ikamwangukia Paul. Alinunua Höfner yenye umbo la fidla hukohuko Hamburg, kwa sababu ilikuwa ya bei nafuu, na pia kwa sababu pande zake mbili zinalingana: yeye ni wa mashoto, na besi ile hata ukiigeuza haionekani kituko. Iliibwa London mwaka 1972. Habari za kupatikana kwake zilitangazwa Februari 2024.

Je, wajua kwamba fundi wa studio ya EMI aliwahi kuirekodi besi ya Paul kwa kutumia spika badala ya maikrofoni? Ni kwenye "Paperback Writer", 1966. Spika na maikrofoni ni ndugu: moja hugeuza umeme kuwa sauti, nyingine sauti kuwa umeme, kwa hiyo spika kubwa ukiifunga kinyumenyume inanasa mtikisiko mzito ambao maikrofoni ndogo inaukosa. Enzi hizo utepe ulikuwa na njia nne tu, na Paul akazoea kuiacha besi yake mwisho ili ikae kwenye njia yake yenyewe. Usiku wenzake wakishaondoka, yeye hubaki na fundi akitafuta noti. Faida yake ni besi inayosikika kama inaimba. Hasara yake ni kwamba mashahidi walikuwa wamekwenda kulala.

Tarehe 21 Juni 1966 walirekodi "She Said She Said", wimbo wa mwisho kwa santuri ya Revolver. Paul alikumbuka miaka mingi baadaye kwamba walizozana, akatoka akawaacha, na kwamba anadhani besi ni ya George Harrison. Ungetegemea shauri liishe hapo. Wapi! Wapo wanaosikiliza noti moja moja na kuapa kwamba vidole vile ni vya Paul, kana kwamba mwenyewe hana haki ya kusahau.

Je, wajua kuwa kuna besi ya nyuzi sita? Fender walitengeneza iitwayo Bass VI, ambayo nyuzi zake hufungwa kwa mpangilio uleule wa gitaa, ila chini zaidi kwa oktava moja. Mpiga gitaa akiishika hapati ugeni wowote. Beatles walikuwa nayo, na ndiyo iliyompa John Lennon kazi ya besi kwenye "Helter Skelter" mwaka 1968, halafu pia Paul alipokaa kwenye piano Januari 1969. Sikiliza "The Long and Winding Road" kwa spika nzuri: besi ya Lennon inasitasita, inakosea, inajirekebisha njiani. Mwaka uliofuata prodyuza Phil Spector akamwaga juu yake violini na kwaya ya wanawake, na Paul alikasirika mpaka akalitaja jambo hilo mahakamani wakati wa kuivunja kampuni yao. Mwandishi Ian MacDonald alihisi kwamba mapambo yote yale yalihitajika kwa sehemu ili kufunika besi ile. Ukishaambiwa hivyo, huwezi tena kuacha kuisikia.

"Two of Us"? Hakuna besi kabisa. Harrison anapiga nyuzi nzito za gitaa lake la kawaida. "Back in the U.S.S.R."? Ringo, mpiga dramu wao, alikuwa amesusa, Paul yuko kwenye dramu, na besi ni mchanganyiko wa mikono zaidi ya mmoja. Ukiulizwa ni ya nani, jibu "ya wote" uondoke kabla wabishi hawajakugeukia.

Je, wajua kwamba The Doors hawakuwa na mpiga besi? Jukwaani Ray Manzarek alipiga ogani kwa mkono wa kulia na kinanda kidogo cha besi kwa mkono wa kushoto. Studioni sauti ya kinanda kile ilionekana laini, haina ule mgongo wa uzi uliovutwa, hivyo wakawa wanaita watu. Kwenye "Light My Fire" aliitwa Larry Knechtel, akafuata nyayo za mkono wa kushoto wa Manzarek, na jina lake halikuandikwa popote kwenye jalada. Besi ya "Roadhouse Blues" ni ya Lonnie Mack, aliyejulikana kwa gitaa. Hata Elvis Presley ana mkono wake humo, kwa njia ya mzunguko: besi ya L.A. Woman, 1971, ni ya Jerry Scheff, mpiga besi wake.

Je, wajua kwamba "All Along the Watchtower" ya Jimi Hendrix ina besi ya Hendrix mwenyewe? Mpiga besi wake, Noel Redding, alichoshwa na kurudia wimbo mara kwa mara, akatoka zake studioni. Yeye pia alikuwa mpiga gitaa aliyekubali besi mwaka 1966 kwa sababu ndiyo nafasi iliyokuwepo. Sikiliza inavyopanda na kushuka chini ya solo: mtu mmoja anajijibu mwenyewe.

Roger Waters ndiye mpiga besi wa Pink Floyd, lakini ile besi inayoteleza kwenye "Hey You", 1979, ni ya David Gilmour, mpiga gitaa. Gilmour alisimulia kwamba Waters alikuwa akimshukuru mara mojamoja kwa kumshindia kura za wapiga besi bora magazetini. Kwenye "One of These Days", 1971, wote wawili wanapiga besi, na moja inasikika butu kuliko nyingine. Kwa maelezo ya Gilmour, nyuzi za hiyo butu zilikuwa zimechakaa, wakamtuma msaidizi akanunue mpya, naye akapitia kwa mpenzi wake.

Turudi Marekani, ambako ugomvi una sura nyingine. "Good Vibrations" ya The Beach Boys, 1966, ilirekodiwa vipande vipande katika studio nne za Hollywood kuanzia Februari hadi Septemba, kisha utepe ukakatwa na kuunganishwa. Brian Wilson, mpiga besi rasmi wa bendi, alikuwa akiongoza, na wapiga besi wa kukodi walipishana: Ray Pohlman, Lyle Ritz, Carol Kaye. Kumbukumbu za malipo zinaonyesha nani aliitwa siku gani. Hazionyeshi kipande cha nani kilibaki na cha nani kilitupwa chini ya meza. Kaye anasema alikuwepo, na kweli alikuwepo. Waliochambua kanda wanampa Pohlman beti. Wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli.

Ugomvi mkali zaidi wa Kaye ni na watu wa Motown, kampuni ya santuri ya Detroit, anapodai besi ambazo Detroit nzima inasema ni za James Jamerson. Jamerson alipiga kwa kidole kimoja cha shahada, hakupenda kubadilisha nyuzi, na besi yake iliingizwa moja kwa moja kwenye mitambo bila spika. Kwa miaka mingi majalada ya Motown hayakutaja wapiga vyombo. Jina lake lilitokea mwaka 1971 kwenye What's Going On ya Marvin Gaye. Hata humo usikurupuke: besi ya "Mercy Mercy Me" ni ya Bob Babbitt. Kampuni ikinyima watu majina, haiwezi kushangaa wakigombana uzeeni.

Kwa haraka tena: "When Doves Cry" ya Prince, 1984, haina besi, aliifuta mwenyewe, na wimbo ukashika namba moja Marekani. Kwenye ...And Justice for All ya Metallica, 1988, mpiga besi anajulikana, ni Jason Newsted, ila sauti yake imeshushwa hata haisikiki.

Je, wajua kwamba ugomvi mmoja unamgusa mtoto wa Unguja? Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, aliingia studio ya Montreux, Uswisi, na wenzake wa Queen mwaka 1981, David Bowie akawatembelea, ikazaliwa "Under Pressure". Noti zake za besi ni mbili tu, na dunia nzima inazijua. Aliyezipiga ni John Deacon, hilo halina shaka. Nani alizibuni? Wenzake wa Queen, Brian May na Roger Taylor, wanasema ni Deacon, kwamba alizipiga, wakaenda kula piza, aliporudi akawa amezisahau na ikabidi akumbushwe. Deacon aliwahi kusema ni Bowie. Bowie akasema alizikuta zimeshatungwa. Sijaona kwingine wanamuziki wakisukumiana sifa badala ya kunyang'anyana. Deacon alistaafu mwaka 1997 na hazungumzi na waandishi, kwa hiyo msimtegemee.

Na "Walk on the Wild Side" ya Lou Reed, 1972? Zile besi mbili, moja ikipanda na nyingine ikishuka, zote ni za Herbie Flowers: kwanza besi kubwa ya kusimama, kisha ya umeme juu yake. Alieleza sababu bila kuona haya. Kanuni za malipo zilisema anayepiga vyombo viwili analipwa mara mbili.