Namba Iliyokwisha Kupangwa na Vipande Vyake

Mbunifu wa programu ya fedha anataka jambo dogo. Salio kwenye kioo cha simu lisomeke TSh 1,234,567.50, shilingi kwa tarakimu kubwa nzito, senti kwa tarakimu ndogo za kijivu. Kijana anayeandika msimbo anaona kazi yenyewe ni nyepesi: aitafute nukta, akate hapohapo, upande wa kushoto aukuze, wa kulia aupunguze. Anajaribu, inapendeza, programu inapelekwa kwa wateja.

Kisha programu inafika Lubumbashi. Lugha ni Kiswahili, lakini kwa Kongo kanuni za kuandika namba ni nyingine: nukta hutenga maelfu, mkato hutenga desimali. Salio linatoka FC 1.234.567,50. Msimbo unaitafuta nukta ya kwanza, unakata, na mteja mwenye faranga zaidi ya milioni moja anaona tarakimu 1 kubwa, nzito, ikifuatwa na msururu wa kijivu. Fedha zake zipo zote na hesabu haijakosewa popote. Ila jicho linasoma faranga moja, na simu za malalamiko zinaanza kuita.

Wengi wakikutwa na hili hurekebisha kwa kuongeza sharti: kama ni Kongo, tafuta mkato. Kesho wataongeza la Uhispania, ambako 1234 huandikwa bila kitenganishi lakini 12.345 hukipata. Keshokutwa la India, ambako milioni moja na ushei huandikwa 12,34,567. Ufaransa hutenga maelfu kwa nafasi nyembamba. Na ile nafasi baada ya TSh, ukiitafuta kwa kitufe cha nafasi cha kawaida, huenda usiipate kamwe: ni herufi nyingine, U+00A0, iliyowekwa ili alama ya sarafu isiachwe mwisho wa mstari huku tarakimu zikishuka mstari wa pili. Masharti haya hayana mwisho, na yote yanakisia kitu ambacho mtu mwingine alikuwa anakijua dakika moja iliyopita. Maktaba ya msimbo iliyoipanga namba ilijua ni wapi imeweka sarafu, wapi kitenganishi, wapi desimali. Ikakabidhi maandishi matupu, na ujuzi wote ukatupwa. Kuutafuta upya ndani ya maandishi ni sawa na kutaka kuitoa bizari katika pilau iliyokwisha kuiva.

Kiswahili chenyewe kinatoa mfano mzuri kuliko wa Wahindi na Wafaransa. Kanuni za kila lugha zimehifadhiwa katika hazina ya data iitwayo CLDR, inayosimamiwa na Unicode Consortium, na maktaba mashuhuri inayoitumia ni ICU, ambayo imo ndani ya Android, ya simu za Apple na ya kivinjari cha Chrome. Mwambie ICU aifupishe 1234 kwa Kiswahili, atakupa «elfu 1.2». Neno linatangulia, kama tunavyosema sokoni. Sasa mpe -1234. Anayefikiri kwa mazoea atatarajia alama ya hasi ianze, kwa kuwa hasi huanza. Jibu ni «elfu -1.2». Alama imekaa katikati, kati ya neno na tarakimu. Msimbo wowote unaochungulia herufi ya kwanza ili ujue kama deni lipakwe rangi nyekundu utaliacha deni hili likiwa jeusi.

Dawa ni maktaba isirudishe maandishi. Irudishe kitu kinachoweza kuwa maandishi kikihitajika, lakini kinachokumbuka kilivyoundwa.

Wazo hili lilichelewa kukomaa. Java 1.1 ya mwaka 1997 ilikuwa na chombo kiitwacho FieldPosition. Uliuliza kabla ya kupanga: sehemu ya namba kamili inaanzia wapi na kuishia wapi? Ukajibiwa hiyo moja tu. Ilitosha kwa lengo la wakati ule, yaani kupanga safu ya bei ili nukta za desimali zisimame wima mstari mmoja. Kwa salio la rangi mbili haitoshi, na kwa «elfu -1.2» haikusaidii kitu.

Mwaka 2017, toleo la 60 la ICU lilileta utaratibu mpya wa kupanga namba, na matokeo yake yakapewa jina na umbo: FormattedNumber. Ndani yake kuna safu mbili za urefu sawa. Ya kwanza ina herufi. Ya pili, chini ya kila herufi, ina chapa ya kazi yake: hii ni sarafu, hii ni namba kamili, hii ni desimali. Ujenzi hauanzii kushoto. Tarakimu huwekwa kwanza, katikati ya nafasi iliyotengwa, kisha alama ya hasi, sarafu na maneno kama «elfu» huongezwa mbele au nyuma bila kuisukuma namba nzima. Mwanzo hutengwa nafasi ya herufi 40, na kwa namba nyingi za kila siku hiyo inatosha bila kuomba kumbukumbu zaidi. Napenda ubunifu huu kwa sababu hauhitaji akili ya ziada: anayeiweka herufi ndiye anayeipiga chapa, wakati uleule, kwa mkono uleule.

Kazi ngumu ni kuamua namna ya kumweleza mtumiaji. Hapo shule mbili zinatofautiana. Chukua TSh 1,234,567.50 na uhesabu herufi kuanzia sifuri, kama kompyuta zinavyofanya. ICU itakuambia sarafu ni 0 hadi 3, namba kamili ni 4 hadi 13, desimali 13 hadi 14, tarakimu za baada yake 14 hadi 16. Vilevile itataja mikato, 5 hadi 6 na 9 hadi 10, ambayo iko ndani ya namba kamili. Sehemu zinapandana, na hilo ni la makusudi: 1,234,567 ni kitu kimoja, na mikato ni mapambo yake.

JavaScript ilichagua njia nyingine. Amri yake formatToParts inarudisha orodha ya vipande visivyopandana. Salio letu linakuwa vipande tisa: sarafu, nafasi, namba kamili «1», kitenganishi, namba kamili «234», kitenganishi, namba kamili «567», desimali, na «50». Ukiviunganisha unapata maandishi yaleyale. Kwa kurasa za wavuti hii ndiyo rahisi, kwa kuwa kila kipande kinavishwa mtindo wake na kazi imekwisha. Lakini namba kamili imekatwa vipande vitatu, na anayetaka kuisoma nzima kwa sauti aiunge mwenyewe. Mimi ningechagua ya ICU kwa maktaba ya chini, na ya JavaScript kwa anayechora kioo.

Njia ya nambari za mahali ina mtego wake. ICU huhesabu vizio vya UTF-16, mfumo wa kuhifadhi herufi, na kuna herufi zinazochukua vizio viwili. Tarakimu za Adlam, mwandiko wa Kifulani uliobuniwa nchini Guinea, ni za namna hiyo. Anayekata kwa kuhesabu tarakimu anazoziona ataipasua moja katikati, na kioo kitaonyesha visanduku vitupu.

Kukumbuka vipande hakutoshi. Thamani nayo ihifadhiwe kama ilivyoandikwa. Katika kanuni za umoja na wingi za Kiswahili ndani ya CLDR, 1 ni umoja lakini 1.0 ni wingi, kwa sababu tarakimu zinazoonekana baada ya nukta zinahesabika. Kwa hiyo kichaguzi cha umoja na wingi cha ICU hukubali kupewa FormattedNumber yenyewe. Ukikipa namba ghafi, hakiwezi kujua mbunifu aliamua ionekane vipi.

Masafa ya bei, kama «kuanzia elfu tatu hadi elfu tano», yameleta swali jipya: kipande ni cha nani? JavaScript hukipa kila kipande chapa ya pili, ikisema ni cha mwanzo, cha mwisho, au cha pamoja. Alama ya sarafu iliyoandikwa mara moja kwa ajili ya bei zote mbili huangukia kundi hilo la tatu, pamoja na kistari kinachozitenganisha.