Mkono na Sikio la Daktari Mwanafunzi

Katika masomo ya udaktari kuna ustadi usiopatikana kitabuni wala ubaoni, nao ni ule wa mkono na sikio. Zamani, katika vyuo vingi, mwanafunzi alisoma habari za mwili kwa miaka miwili au zaidi kabla ya kumgusa mgonjwa. Kisha alipelekwa wodini akajifunzia hukohuko, na gharama ya makosa yake ikawa juu ya mgonjwa. Siku hizi vyuo vingi huanza kufundisha ustadi huo tangu mwaka wa kwanza, katika chumba cha mazoezi, wanafunzi wakipimana wao kwa wao.

Mfano mzuri ni upimaji wa shinikizo la damu. Mfuko wa hewa hufungwa mkononi juu ya kiwiko, hujazwa mpaka damu isipite katika ateri, kisha hewa huachiliwa polepole. Damu ianzapo kupenya tena, sauti za kugonga husikika kwa stetoskopu iliyowekwa upande wa ndani wa kiwiko. Kipimo cha wakati huo ndicho shinikizo la juu. Sauti zinapotoweka, husomwa la chini. Aliyezieleza sauti hizo mwaka 1905 ni daktari Mrusi, Nikolai Korotkov. (Vipimo vya zebaki vinaendelea kuondolewa mahospitalini kwa sababu ya sumu yake, lakini hesabu ingali ya milimita za zebaki.)

Kazi huonekana nyepesi mpaka mwanafunzi avae chombo masikioni. Hasikii kitu, au husikia msuguano wa nguo akaudhani mpigo. Mwenye mkono mnene akifungwa mfuko mdogo, kipimo huzidi ukweli. Hewa ikiachiliwa haraka, mshale hupita mahali pa kusomwa kabla ya mpigo mwingine kuja. Tena kwa baadhi ya watu sauti hunyamaza katikati, kisha hurudi. Aliyejaza hewa kidogo huanzia ndani ya kimya hicho, naye huweza kuandika 150 palipo na 190. Ndiyo maana hufundishwa kwanza kushika mshipa wa kifundo cha mkono, kujaza hewa mpaka mpigo upotee, kisha kuongeza milimita 30 hivi.

Hatari kubwa kuliko hizo haimo katika chombo. Mwanafunzi anayeona haya mbele ya wenzake hukumbuka kwamba kitabuni imeandikwa 120 kwa 80, akazitaja tarakimu hizo kana kwamba amezisikia. Dawa yake ni stetoskopu yenye jozi mbili za mipira ya masikioni, mwalimu na mwanafunzi wakisikiliza mkono mmoja kwa pamoja. Asiyesikia husaidiwa kuhamisha chombo kidogo kidogo, mpaka asikie.

Yapo pia yasiyosomeka kwenye mshale: kusalimu, kuomba ruhusa kabla ya kugusa, kutambua maumivu. Mwaka 1963, mwaka uleule ilipofunguliwa shule ya udaktari ya Dar es Salaam, Howard Barrows alianza huko Los Angeles, Marekani, kuwafunza watu wenye afya kuigiza wagonjwa mbele ya wanafunzi. Mwigizaji aliyebanwa mno na mfuko wa hewa humwambia mwanafunzi papo hapo. Mgonjwa wa kweli, hasa mzee mbele ya kijana mwenye koti jeupe, mara nyingi hunyamaza.