Motokaa Ichukuayo Nyumba: Tupime Kwanza, Ndipo Tutie Springi



Katika njia za Kigoma na Ujiji huonekana wasafiri walalao ndani ya motokaa zao. Wengine hupachika nyumba ndogo katika bodi ya pikapu, yenye kitanda, jiko na pipa la maji, nao wakifika kituoni hawahitaji hema wala nyumba ya wageni. Jambo hili laweza kuwafaa hata wainjilisti na waganga wazungukao vijijini, kama katika njia itokayo Simbo kwenda Ilagala mpaka Kalya, maana safari ni ndefu na mvua ya masika haina huruma. Lakini pikapu haikuumbwa kuwa nyumba. Akiulizwa mtu namna ya kuitengeneza, hujibu upesi: "Ongeza springi." Jibu hilo lina nusu ya kweli, na nusu iliyokosekana yaweza kuua watu.

Wa Kale Walipima

Watu wa Ujiji hawakuanza leo kujua habari za mizigo. Zamani za misafara, mpagazi aliyetoka pwani kuja ziwani hakutwikwa kwa kukisia. Mzigo ulipimwa, nao kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Mwaka 1882 Edward Coode Hore, baharia aliyetumwa na London Missionary Society, alianza kuileta mashua ya chuma kutoka Saadani. Hakuileta nzima, bali kwa vipande vilivyowekwa juu ya vigari vya kuvutwa na watu, na mwaka 1883 vikafika Ujiji. Angalieni hekima yake: aliufanya mzigo ulifae gari, na gari liufae mzigo. Sisi nasi tufuate utaratibu huo.

Hesabu Kabla ya Fundi

Kila motokaa ina kipimo alichokiweka aliyeiunda, nacho huandikwa katika kibamba, mara nyingi karibu na mlango, au katika kitabu chake. Hapo pasomwa uzito mkubwa kabisa ambao gari lenye mzigo halipaswi kuupita. Toa uzito wa gari tupu lenye mafuta, na kinachosalia ndicho ruhusa yako. Kwa pikapu nyingi ruhusa hiyo hukaribia kilo 1000, nayo ni pamoja na watu.

Tuseme nyumba yenyewe ni kilo 600. Maji lita 80 ni kilo 80, kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja. Watu wanne wa kilo 70 ni kilo 280. Chakula, vyombo na matandiko ni kilo 90. Gurudumu la akiba la pili na zana ni kilo 50. Jumla ni kilo 1100, na tumekwisha kupita kwa kilo 100. Tena hatujapakia madumu ya mawese tuliyoombwa na ndugu njiani, ambayo kila moja la lita 20 ni kilo 18 hivi. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Lakini motokaa haioni usufi, yaona kilo tu.

Pasipo mizani ya magari, pimeni vitu kimoja kimoja kwa mizani ya duka na kuandika. Walimu waweza kuwapa watoto kazi hii iwe somo la hesabu. Kisha punguzeni: maji nusu pipa, na mizigo mizito ipelekwe kwa mashua kwa vijiji vya pwani ya ziwa.

Kazi ya Springi na Mwisho Wake

Springi za nyuma za pikapu nyingi ni mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Fundi akiongeza bamba, gari huinuka na kuacha kuketi chini. Hilo ni jema, kama mzigo umo ndani ya kipimo na gari litauchukua siku zote. Lakini bamba jipya haliongezi nguvu ya ekseli, wala ya chasisi, wala ya breki, wala ya matairi. Mtu dhaifu akivaa mkanda mpana husimama wima, walakini mifupa yake ni ile ile.

Wengine hutia mifuko ya upepo kati ya chasisi na ekseli. Nayo husaidia, lakini hukusanya nguvu yote mahali pamoja, na katika mashimo ya barabara zetu zimeonekana chasisi zilizopindika nyuma ya chumba cha dereva kwa kulemewa hivyo. Tena mfuko ukitoboka upande mmoja, nyumba yote hulala upande huo.

Mzigo Ukae Wapi

Mnaujua mzegazega: ncha moja ikizidi, mchukuzi huyumba. Gari ni vivyo hivyo. Uzito wa nyumba ukiwa nyuma ya ekseli ya nyuma, pua ya gari huinuka, magurudumu ya mbele huwa mepesi, na usukani na breki za mbele hupoteza nguvu, hasa katika miteremko ya kushukia ziwani. Kwa hiyo pipa la maji na vitu vizito viwekwe mbele ya ekseli hiyo, tena chini, kwa maana nyumba ndefu huyumba konani. Nayo ifungwe kwa vyuma vilivyoshikwa na chasisi, si kwa mabati membamba ya bodi.

Kabla ya kupakia, pimeni kwa utepe toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, mbele na nyuma, kulia na kushoto. Pimeni tena baada ya kupakia. Mbele pakiwa pameinuka, au upande mmoja umeshuka kuliko wa pili, mzigo haukukaa vema.

Mambo Yasahauliwayo

Shokapu hazichukui mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi isirukeruke. Mwenye kutia springi ngumu na kuacha shokapu zilizochoka atarushwa njia nzima.

Matairi yawe na alama ya uzito utoshao, na upepo upimwe asubuhi mpira ukiwa baridi.

Katika pikapu nyingi iko vali ya breki iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Gari likilemewa, vali hufungua nguvu ya breki za nyuma. Springi mpya zikiliinua gari, vali hudhani ni tupu, na breki hupungua wakati zihitajiwapo zaidi. Fundi aelezwe aisahihishe.

Bolti zenye umbo la U zishikazo springi zikazwe tena baada ya kilomita 500 hivi, kwa maana chuma kipya huketi na kulegea.

Taa za mbele nazo zishushwe, zisiwapofushe wenye baiskeli.

Ndugu, mnakumbuka mfano wa nyumba mbili alioufundisha Bwana, na jinsi zilivyohukumiwa kwa msingi wake. Nyumba iendayo juu ya magurudumu ina msingi pia, nao ni kipimo kilichoandikwa katika kibamba kile kidogo. Dereva atakayesema, "Mzigo umetosha," huku ndugu zake wakinung'unika, amewapenda kuliko yule awapakiaye wote. Wazee wa kanisa wamsikilize, na aliyebaki asikasirike, maana gari likirudi salama litamchukua safari nyingine.