Mafuta ya Ndege Katika Gari la Zamani

Ukimsikia mtu anasema ana mafuta ya ndege ya kuuza, muulize kwanza: ndege gani? Maana mafuta ya ndege si ya aina moja. Wapo wanaodhani kwamba mafuta yanayorusha ndege angani lazima yataipa gari au pikipiki nguvu za ajabu. Eti ndege ni nzito na bado inaruka, sembuse pikipiki! Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini yanaweza kuharibu injini, na yanaweza kumdhuru mwenye injini pia.

Lakini habari yenyewe si uzushi mtupu. Huko Marekani wako watu wenye magari ya zamani ambao kweli hutia petroli ya ndege katika magari yao, na magari yanakwenda vizuri. Tueleze kwa nini inawafaa wao, na kwa nini haitufai sisi.

Ndege gani?

Ndege kubwa za abiria zina injini za jeti. Mafuta yake ni ndugu wa mafuta ya taa tunayotia kwenye kandili. Hayana rangi, au yana umanjano kidogo tu. Ndege ndogo, kama Cessna 206, zina injini ya pistoni na plagi, kama gari. Hizo hutumia petroli ya ndege. Aina inayotumika zaidi inaitwa 100LL, nayo hutiwa rangi ya buluu ili isichanganywe na nyingine.

Usidanganyike na pangaboi. Cessna Caravan, ambayo huku kwetu tunaiona sana kwenye viwanja vidogo, ina pangaboi mbele, kumbe ndani yake mna injini ya aina ya jeti, na inakunywa mafuta ya jeti. Hata wenye kazi yao wamewahi kukosea. Imetokea mara kadhaa duniani ndege ya pistoni ikatiwa mafuta ya jeti, ikapaa, halafu injini ikazimika ingali hewani, na watu wakafa. Ndiyo maana bomba la kujazia mafuta ya jeti limetengenezwa na mdomo mpana, usiingie kwenye tundu la tangi la petroli. Kama huko uwanjani wanahitaji kinga namna hiyo, je, galoni la njiani lisiloandikwa kitu utalijuaje? Ukitia mafuta ya jeti katika injini ya petroli, injini itatoa moshi, itagonga, na mwisho itakataa kabisa.

Kwa hiyo kuanzia hapa tunazungumza juu ya petroli ya ndege tu, ile ya buluu.

Pampu ya baiskeli

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma. Utaona mambo mawili. Hewa inakataa kubanwa, na pampu inapata moto. Injini ya petroli inafanya hivyo hivyo. Pistoni inapanda ndani ya silinda, inabana hewa iliyochanganyika na petroli, halafu plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, unatanuka, unaisukuma pistoni chini kwa nguvu.

Kama vibaba nane vya mchanganyiko vinabanwa mpaka vienee kibaba kimoja, mafundi wanasema mgandamizo wa injini hiyo ni nane kwa moja. Mgandamizo ukizidi, injini inapata nguvu zaidi kwa petroli ile ile. Basi kwa nini wasibane ishirini kwa moja? Hapo ndipo penye taabu.

Moto ndani ya silinda unatakiwa uende kama moto wa shamba: unaanzia upande mmoja, penye plagi, unasambaa mpaka upande wa pili. Ni kwa haraka sana, lakini kwa utaratibu. Ukibana mno, mchanganyiko ulioko upande wa pili unapata joto kali, unalipuka wenyewe kabla moto haujafika. Mlipuko huo unapiga kama nyundo. Fundi akisikia anasema, "Injini inagonga." Ikigonga kwa muda mrefu huku imebeba mzigo, pistoni hutoboka, gasketi huungua, na gari husimama.

Oktani ndiyo kipimo cha uvumilivu wa petroli. Petroli yenye oktani kubwa inavumilia kubanwa bila kulipuka yenyewe. Tunaomba hapa usome polepole: oktani si nguvu. Petroli ya oktani 100 haina nguvu kuliko ya oktani 90. Ina uvumilivu zaidi, basi. Injini ambayo haibani sana haina haja ya uvumilivu huo, na ukiitia petroli ya ndege hutaona faida yoyote ila kupoteza fedha. Pikipiki ya kawaida na pampu ya maji ya shambani ziko katika kundi hilo.

Magari yaliyozaliwa na njaa

Katika miaka ya 1960 viwanda vya magari vya Marekani vilikuwa vinashindana kwa nguvu za injini. Mgandamizo wa kumi kwa moja, hata kumi na moja kwa moja, ukawa jambo la kawaida katika magari ya vijana. Pontiac GTO ya mwaka 1964 ilikuwa na 10.75 kwa moja. Mwaka 1967 ikatoka Chevrolet Corvette yenye injini ya L88, mgandamizo wake 12.5 kwa moja, na ilitaka petroli ya oktani 103. Yalitengenezwa 20 tu mwaka ule.

Magari hayo yaliweza kuishi kwa sababu petroli ya wakati ule ilitiwa risasi. Tunasema madini ya risasi, yale yale ya risasi za bunduki na ya betri za gari. Aliyegundua kwamba dawa yenye risasi inazuia injini kugonga ni Thomas Midgley, katika mji wa Dayton, mwaka 1921. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka uliofuata, wafanyakazi watano wa kiwanda kimoja huko New Jersey walikufa kwa sumu ya dawa hiyo, baada ya kupagawa akili. Yaani dunia ilikwisha kuonywa mapema, lakini biashara ikaendelea.

Mambo yakageuka baadaye. Kuanzia magari ya mwaka 1971 viwanda vikapunguza mgandamizo, na tangu tarehe 1 Januari 1996 Marekani ilikataza kabisa petroli yenye risasi katika magari ya barabarani. Wenye magari ya miaka ya 1960 wakabaki na injini zenye njaa. Petroli nzuri ya vituo vyao ina namba 91 au 93, na hata namba hiyo inaonekana kubwa kuliko ilivyo. Wamarekani hupima oktani kwa njia mbili, nyepesi na ngumu, halafu huchukua wastani. Namba 100 ya petroli ya ndege hupimwa kwa ile njia ngumu peke yake. Ukiipima petroli ya 93 kwa njia hiyo, inashuka chini ya 90.

Kwa hiyo mwenye Corvette anakwenda uwanja wa ndege na debe lake. Wengine wanatia ya ndege tupu. Wengine wanachanganya nusu kwa nusu na petroli ya kituo, na oktani inakaa hapo katikati. Kugonga kunakoma. Tena risasi inawafaa kwa jambo la pili: inaacha utando mwembamba pale vali ya moshi inapokalia. Injini za zamani zina makalio ya vali ya chuma laini, yanayolika upesi bila utando huo.

Hata hivyo hawapati raha yote. Petroli ya ndege imetengenezwa isichemke kule juu angani, kwa hiyo asubuhi ya baridi gari huwa gumu kuwaka. Plagi zinachafuka kwa risasi. Gari la kisasa, lenye kifaa cha kusafisha moshi katika ekzosti, litaharibiwa kifaa hicho. Na barabarani ni kuvunja sheria; ruhusa ipo kwenye mashindano tu.

Sumu iko wapi?

Lita moja ya 100LL inaweza kuwa na risasi hadi gramu 0.56. Dumu la lita 20 ni gramu 11 na zaidi. Risasi hiyo inatoka na moshi, inatua kwenye vumbi, na vumbi linaingia vinywani mwa watoto wanaocheza chini. Humpunguzia mtoto akili na kumfanya ashindwe masomo, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Sisi huku tuliwahi kuishi na moshi huo. Mwezi wa Juni 2001 nchi za Afrika zilikutana Dakar zikakubaliana kuiacha petroli yenye risasi, na kufikia Januari 2006 nchi zote zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani kuiuza kwa ajili ya magari, hadi Julai 2021. Tunaona ni upumbavu kuirudisha kijijini kwa mlango wa nyuma, ndani ya galoni.

Tena dawa hiyo ya risasi inapenya ngozi. Wengi wetu tuna desturi ya kunyonya petroli kwa mdomo kwa mpira, na kunawa grisi kwa petroli. Desturi hizo ni mbaya hata kwa petroli ya kawaida. Kwa petroli ya buluu ni mbaya zaidi.

Mwenye gari la zamani anayo njia nyingine. Fundi mzuri anaweza kuchelewesha cheche kidogo, au kutia gasketi nene, au pistoni fupi zaidi ili mgandamizo upungue. Akifungua kichwa cha injini, atie makalio ya vali ya chuma kigumu. Nguvu zitapungua kidogo, lakini gari litakwenda kwa petroli ya kituo. Na ndege zenyewe zinaanza kuiacha risasi: mwaka 2022 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliidhinisha petroli ya oktani 100 isiyo na risasi kwa ndege za pistoni.