Kuloweka Mwiko ni Mwiko

Wekeni kalamu tayari, kwa maana mwishoni yapo maswali.

Neno la leo ni MWIKO. Lina maana mbili. Mwiko ni chombo cha kusongea ugali. Tena mwiko ni jambo lililokatazwa. Basi leo mtajua kwa nini kuloweka mwiko ni mwiko.

Vyombo vya mti ni mwiko, kinu na mchi, kibao cha kukatia nyama, na mbuzi ya kukunia nazi. Vyote hununuliwa kwa fedha. Kinu kikitunzwa humtumikia mama, kisha humtumikia binti yake. Kisipotunzwa hupasuka upesi.

Sababu ni hii. Ndani ya mti mna mirija myembamba sana. Mti ulipokuwa hai, maji yalipanda kwa mirija hiyo kutoka mizizini. Mti ukikatwa, mirija hubaki. Chombo kikilowekwa hunywa maji, kikavimba. Kikikauka husinyaa. Upande mmoja ukikauka mbele ya mwingine, mti huvutana, ukapasuka.

Tazameni kinu. Kimechongwa katika gogo lililosimama, kwa hiyo mirija yake imefunguka mdomoni na kitakoni. Kikiachwa juu ya ardhi yenye maji, hunywa usiku kucha. Asubuhi kikianikwa katika jua kali, hupata ufa.

Ufa si hasara ya fedha tu. Mabaki ya chakula hujificha ndani yake, na vijidudu vya maradhi huzaliana humo. Chakula cha mtoto kikitwangwa katika kinu hicho, mtoto aweza kushikwa na tumbo la kuendesha.

Basi fanyeni hivi:

1. Osheni chombo mara baada ya kazi, kwa maji ya moto na sabuni. Suuzeni. Msikiache ndani ya maji.

2. Kifuteni, kisha kiwekeni kivulini penye upepo. Mwiko utundikeni. Kinu kiwekeni juu ya mawe, hewa ipite chini. Mbuzi ifuteni vizuri, chuma chake kisishike kutu.

3. Kibao kilichokatiwa nyama mbichi au samaki kisikatiwe kachumbari kabla ya kuoshwa. Mwenye uwezo na awe na vibao 2.

4. Kibao kikinuka samaki, kisugueni kwa chumvi na ndimu, kisha kisuuzeni.

5. Mara kwa mara, chombo kikiwa kikavu kabisa, kipakeni mafuta ya nazi kidogo, mkayafute yanayozidi. Mafuta huzuia maji yasiingie upesi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa wa mti ni shida kuuziba. Heri kuuzuia usitokee. Mwiko au kibao chenye ufa mkubwa kifanyeni kuni.

Sasa andikeni majibu ya maswali haya:

1. Neno mwiko lina maana gani mbili?
2. Kwa nini kinu huwekwa juu ya mawe?
3. Ufa wa kinu waweza kumdhuru mtoto kwa njia gani?

Jioni hii, kabla ya kulala, kiangalieni kinu chenu kimewekwa wapi. Kwaherini mpaka somo lijalo.